Diploma Yangu kwa Karabai Moja

Walisema sitathibitishwa kazini. Naanza hapo kwa sababu baadhi ya waliosema wangali hai, na ningependa wasome haya kabla macho hayajawachoka.

Wa kwanza alikuwa baba mdogo, kwetu Ntimaru. Nilirudi kutoka ng'ambo mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili, nimevaa koti zito la baridi linalofika chini ya magoti, na mkononi nina diploma ya ualimu. Baba mdogo alinizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Miaka mitano Ulaya," akasema, "na umerudi na koti."

"Na diploma, baba."

"Hiyo diploma inakamuliwa?"

Wa pili alikuwa karani wa ofisi fulani ya mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu karatasi za pensheni yangu bado zinapitia hapo. Nilimpelekea diploma wiki ya pili ya Januari. Aliigeuza, akakaribia kuinusa, akatazama ule muhuri mwekundu mkubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, kisha akaniuliza imetoka nchi gani. Nikamwambia Chekoslovakia. Akainuka, akaenda kwenye ramani ukutani, akarudi na gazeti.

"Mwalimu, nchi hii haipo. Imegawanywa siku ya mwaka mpya."

Ilikuwa kweli. Nilikwenda likizo ya Krismasi na diploma ya nchi moja, nikarudi na diploma ya nchi sifuri. Karani akaniambia nitaajiriwa kwa majaribio miaka miwili kama walimu wengine, lakini siku ya kuthibitishwa nitapaswa kuileta diploma yenyewe, wala si nakala, ikiwa na muhuri wa mamlaka yoyote ya Kenya unaoonyesha kwamba imekaguliwa. Bila muhuri huo, barua ya mstari mmoja ingenirudisha Ntimaru kukamua. "Na muhuri huo hutaupata," alisema kwa upole kabisa. "Nani atakagua kitu asichoweza kukisoma?"

Ninyi vijana mliotoka vyuoni juzi mnapata barua zenu kwa simu, kwa hiyo hamjui uzito wa neno hilo, kuthibitishwa. Kwangu lilikuwa kila kitu. Sikusomeshwa na mtu. Sikuwa na mjomba wizarani. Niliandika barua kwa kila ubalozi wenye sanduku la posta Nairobi, na waliojibu ni hao tu wa nchi iliyokuja kufa. Nilijifunza lugha yao yenye maneno yasiyo na irabu hata moja, nikafaulu katika darasa ambalo wenyeji watatu walifeli. Sikukusudia kurudi nyumbani na kuwa hadithi ya baba mdogo kwenye pombe.

Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilichelewa, na mshahara ulichelewa zaidi.

Nilipangiwa shule ya sekondari ya kutwa upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama kwenye ubao na kugeuka unaliona ziwa kupitia dirisha lisilo na kioo. Somo langu lilikuwa Dini. Siku ya kwanza niliingia Kidato cha Kwanza nikiwa na koti langu. Joto la pale mnalijua. Nilifundisha dakika arobaini bila kulivua, jasho likishuka hadi kwenye soksi, kwa sababu mwalimu akivua koti mbele ya wanafunzi siku ya kwanza amevua na heshima. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma, Atieno, aliinua mkono.

"Mwalimu, wewe ni mgonjwa?"

Aliyenilea kikazi alikuwa Mwalimu Oloo, wa Historia, mtu mwembamba aliyebeba chaki zake kwenye kopo la dawa ya kikohozi ili zisivunjike. Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye diploma yoyote: kuandika juu ya ubao kwanza kabla mkono haujachoka, kuweka mpango wa kazi wa muhula ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu paa la chumba cha stafu lilivuja juu ya meza yangu tu, na kutowahi kuleta kitu kigeni darasani kabla ya kumwita mtoto mmoja pembeni na kumuuliza kwao kitu hicho ni cha nini. Mawili ya kwanza niliyafuata siku hiyo hiyo. La tatu nililiona ni la watu wasiosafiri.

Muhula wa tatu wa mwaka wa tisini na nne, miezi yangu ya mwisho ya majaribio, mwalimu mkuu, Bwana Owuor, aliniita ofisini.

"Marwa, ripoti yako naiandika mimi kabla shule hazijafungwa. Nionyeshe kitu ambacho walimu wengine hapa hawawezi."

Nilikuwa nacho tayari. Nilikuwa nimekula Krismasi tano katika nchi ambayo haipo. Nikamwambia Kidato cha Pili kitaandaa maonyesho: Krismasi za Dunia. Ishara, mila na maana zake, wazazi wamealikwa.

Nilianza na samaki, nikidhani watu wa ziwa watanielewa haraka. Nikawaeleza kwamba kule Moravia kila nyumba hununua samaki mnene wa magamba siku chache kabla ya Krismasi, wanamweka hai kwenye beseni la kuogea, watoto wanampa jina, na mkesha unapofika baba anamchinja.

Atieno akauliza, "Na wao wanaoga wapi?"

"Hawaogi siku hizo."

"Yawa!" likajibu darasa zima.

Nikaazima beseni kubwa la bati kwa mke wa mwalimu mkuu, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa ua wa shule, na kijana mmoja akaleta mumi, yaani kambare, mrefu kama mkono. Mwenyekiti wa wazazi, Mwadventista mwenye msimamo, akapita akachungulia. Nilijiandaa kwa hotuba kwamba Krismasi haimo kwenye Biblia. Haikuja.

"Mwalimu, huyu samaki hana magamba."

"Naam, mzee."

"Basi ni najisi. Krismasi fundisha, hiyo ni shauri yako. Lakini mumi, hapana."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, maana kilele cha mila ile ni kila mtu kuweka gamba moja kwenye pochi ili pesa zisikauke mwaka mzima, na mumi hangetoa gamba hata ukimbembeleza. Tukamla mumi stafu, sisi tusio Waadventista, na magamba tukayaokota sokoni, ya mbuta, makubwa kama sarafu za shilingi. Watoto wakayaweka mifukoni. Kufikia Ijumaa hakuna mwalimu aliyetaka kuingia Kidato cha Pili.

Tofaa, ambalo kule hukatwa katikati ili kuona nyota ya mbegu, halikupatikana, nikatumia papai. Likatoa nyota nzuri zaidi, pembe tano kamili, na hilo nalidai kama uvumbuzi wangu. Mila ya wasichana kurusha kiatu nyuma ya bega, ili ncha ikielekea mlangoni ajue ataolewa mwaka ule, niliifundisha siku moja tu. Viatu kumi na tisa vilielekea mlangoni, maana nyuma yao hapakuwa na kitu kingine, na kesho yake baba watatu walikuja kuuliza mabinti wao wameposwa na nani.

Kwa hori la mtoto Yesu, katekista mmoja wa Migori aliniazima kondoo watatu wa plasta, akiwafunga kwenye gazeti mmoja mmoja kama mayai. Kilichobaki kilikuwa nyota. Kule Moravia watoto hupita nyumba hadi nyumba na taji vichwani, mmoja wao amebeba nyota juu ya fimbo. Nilitaka nyota inayowaka kweli. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Akeyo.

Mama Akeyo, nyar Rusinga, yaani binti wa kisiwa cha Rusinga, alikaanga samaki na kuuza chai kwenye banda lake penye ile barabara ya mawe inayounganisha kisiwa na Mbita. Alikuwa pia na mtumbwi wa omena, na mtumbwi wa omena, wale dagaa wa ziwa, ni karabai, taa za pampu za kuwavuta usiku. Omena hawaji kwenye taa mwezi ukiwa umejaa, kwa hiyo wiki moja na zaidi kila mwezi karabai zake hulala bure. Nilimwomba moja kwa wiki hiyo.

Alinitazama kuanzia kola ya koti hadi kiatu.

"Mwalimu, wewe ni wa wapi?"

"Ntimaru."

"Ntimaru ni mbali na taa yangu. Mwezi ukiisha, mtumbwi unatoka. Kama taa haipo, watu wanne hawali. Utaniachia nini?"

Nikampa saa. Akaisikiliza, akairudisha, ilikuwa imesimama. Nikampa koti. Akasema hana mahali pa kulivalia. Kisha akaona bahasha kubwa iliyochungulia kwenye mkoba wangu. Niliibeba kila mahali siku zile, nikitafuta afisa yeyote wa kuipigia muhuri. Nilikuwa nimeshafukuzwa na ofisi nne.

"Hiyo ni nini?"

"Hiyo ndiyo maisha yangu, mama."

"Basi hiyo inatosha."

Ndugu zangu, nikaiacha diploma kwa karabai moja. Nilijiambia ni wiki moja tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mwalimu Oloo alinionya. Taji za wafalme zilihitaji karatasi ya dhahabu, na mlangoni palihitaji duara la majani mabichi, lile linaloashiria uzima usiokoma. Dhahabu hatukuwa nayo, wala misonobari. Lakini kwenye ua nyuma ya shule palikuwa na mmea mmoja mtambaa, kijani hata wakati wa kiangazi, laini, unaopinda bila kuvunjika. Niliona kwamba Mungu ameutengeneza kwa ajili ya somo langu. Nikawaambia watoto waukate mwingi.

Hakuna aliyeinuka. Walitazamana.

"Mwalimu," Atieno akasema, "hiyo ni bombwe. Hiyo..."

"Atieno, nani hapa ameiona Krismasi ya Ulaya?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi kata."

Wakakata. Nitawasifu kwa hilo: hakuna watoto watiifu kama wale. Nilitengeneza duara kubwa nikaliweka mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, ambaye siku ile alikuwa mkutanoni Homa Bay. Kila mtoto nikamzungushia taji la bombwe kichwani, arobaini wote. Kijana mrefu kuliko wenzake akabeba karabai ikiwaka juu ya mti, imezungushiwa karatasi yenye umbo la nyota, mchana kweupe. Mwingine nikampa pembe apulize. Na kwa kuwa jirani wa kwanza alikuwa mke wa mwalimu mkuu, tukaanzia kwake, tukivuka ua kwa mstari, tukiimba.

Kwetu Ntimaru bombwe ni majani tu. Kule ni majani ambayo watu hujifunga kichwani wanapotoka kwa mwendo wa tero buru, kufukuza kifo baada ya mwanamume mwenye boma kufa. Ukiona watu wamevaa bombwe, wanapuliza pembe na wanaelekea kwako, huulizi nani. Unahesabu tu nani wa nyumbani hayupo.

Mama huyo alikuwa anapepeta mahindi. Aliinua kichwa, akaona arobaini wamevaa bombwe, akaona pembe, akageuka akaona duara lile kwenye mlango wa ofisi ya mume wake. Ungo ukaruka. Sauti aliyoitoa sijaisikia tena hadi leo, na natumaini sitaisikia. Kijana wa karabai akashtuka, mti ukainama, kioo kikapasuka juu ya jiwe. Ndani ya robo saa ua ulikuwa umejaa. Watu walikuja mbio kutoka sokoni na mashambani, wanawake wakiwa wameshika vichwa, mizigo ya kuni ikishuka, sufuria zikipanda mafigani. Nilizunguka nikisema "Ni Krismasi! Ni Krismasi tu!" na mzee mmoja akanishika bega kwa huruma: "Mwalimu, usiseme hivyo. Uchungu huo utapita."

Bwana Owuor alitokea saa kumi jioni, akisukuma baiskeli yenye pancha. Alisimama nje ya uzio muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba alisikia hotuba mbili nzima kabla hajajionyesha, na kwamba alisikia pia ndugu yake mwenyewe akiuliza, kati ya kilio na kilio, baiskeli itachukuliwa na nani. Alipoingia, nusu ya watu walikimbia. Mke wake hakukimbia. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua, kisha akamgeukia mwalimu wa Dini.

Yaliyosemwa hayaandikiki.

Usiku ule nilifungasha. Hilo nakubali. Asubuhi Mwalimu Oloo alinikuta nimekaa juu ya sanduku.

"Unaenda wapi?"

"Ntimaru. Ripoti najua itasemaje."

"Diploma unayo?"

Nikakumbuka iko wapi. Sikuweza hata kukimbia. Mtu hakimbii na kuacha maisha yake yamewekwa rehani kwenye banda la samaki. Oloo akakaa kando yangu juu ya sanduku, likalia.

"Wale watoto walijua," akasema. "Arobaini walijua, mmoja hakujua, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na chaki. Nenda darasani ukae nyuma."

Nilikwenda. Nilimwomba Atieno samahani mbele ya wenzake, nikampa chaki, nikakaa dawati la nyuma na koti langu magotini. Somo lile la siku ile ndilo pekee ninalolikumbuka neno kwa neno. Nilijifunza kwamba Krismasi Rusinga huanza siku mama anapoanza kusiriba ukuta kwa udongo mpya. Ukiona nyumba haijasiribwa, kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Kwamba katika nyumba nyingine ishara ni mkate wa dukani, uliokatwa tayari, kwa sababu unakuja na mtu anayefanya kazi mbali, na mwaka ambao mkate haukuja hakuna anayemtaja. Kwamba Mfangano watoto huketi kwenye mawe kutazama boti, na wa kwanza kumtambua anayerudi hupewa soda yake mwenyewe bila kugawana. Mtoto mmoja wa Kiadventista akasema kwao hakuna Krismasi, lakini siku hiyo mama yake hupika chapati "kwa sababu unga upo," na unga huo upo kila mwaka tarehe hiyo hiyo. Niliandika yote. Kurasa kumi na moja.

Bwana Owuor alikuwa amesimama dirishani. Aliniita.

"Marwa," akasema, "watu wengi hawapati kuona matanga yao wenyewe. Sasa najua nani analia na nani anatafuta baiskeli." Alisukuma karatasi mezani. "Nimeandika kwamba unafundisha kwa bidii isiyo ya kawaida. Kila neno hapo ni kweli. Lakini ofisi inataka diploma yenye muhuri, faili inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na hapo mimi siwezi kukusaidia."

Mwezi ulikuwa umeanza kumomonyoka. Nilikuwa na siku tisa.

Nilianza na madeni yaliyo karibu. Beseni nililisugua kwa mchanga hadi likang'aa nikalipeleka mwenyewe. Mke wa mwalimu mkuu alilipokea kwa mkono mmoja.

"Lina shimo?"

"Hapana, mama."

"Unataka kuazima nini kingine? Ungo, au mume?"

"Hapana, mama. Samahani, mama."

"Mwaka ujao, Mwalimu, imbeni kanisani."

Kondoo wa plasta niliwapeleka Migori. Mmoja alikuwa amepoteza sikio katika zile mbio. Nililigandisha kwa uji mzito wa muhogo, na katekista akanisifu kwa kuwatunza. Sikumsahihisha. Ikiwa katekista bado yupo, kondoo huyo ni yule wa kushoto.

Kioo cha karabai kilikuwa kigumu zaidi. Fundi wa karabai pale Homa Bay alikuwa nacho kimoja, na hakutaka kukitoa kwa ahadi. Fundi huyo asubuhi alipanga samaki ndani ya chumba cha barafu na mchana alitengeneza taa, na alikohoa saa zote. Alikuwa akilitazama koti langu tangu nilipoingia.

"Hilo ulilivaa wapi?"

"Mahali ambapo mate yanaganda kabla hayajafika chini."

"Hata mimi ninafanya kazi huko," akasema.

Tukabadilishana. Aliitia kioo, akabadilisha na kile kijisoksi cheupe kinachowaka, akaipiga pampu mpaka ikanguruma. Nilitoka pale nikiwa na shati tu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi Kenya nikaona kwamba Homa Bay kuna upepo mzuri.

Jumamosi nikafika kwa Mama Akeyo, siku tatu kabla ya mtumbwi wake kutoka. Niliweka karabai juu ya meza. Aliizungusha, akagonga kioo kwa ukucha.

"Hiki si kioo changu."

"Ni kipya."

"Ni kizuri kuliko changu." Akaiweka chini ya meza. Kisha akachukua birika, na sikupenda namna alivyokwepa macho yangu.

"Nimekuja kuchukua karatasi yangu, mama."

"Kunywa chai kwanza."

Nikainua macho, nikaiona. Diploma yangu ilikuwa ukutani, juu ya jiko, ndani ya plastiki, imepigiliwa kwa vifuniko vya soda ili misumari isiitoboe.

"Mwalimu, hiyo karatasi imenisaidia kuliko bwana yangu, Mungu amrehemu. Huyu mtu wa afya wa soko kila wiki ananiuliza cheti cha banda. Kila wiki nampa samaki. Wiki ile uliyoiacha, akaiona hapo nilipoichomeka. Akaisoma yote."

"Akaisoma?"

"Yote, polepole, na kidole. Akasema, 'Mama, hukuniambia umesajiliwa na watu wa nje.' Akaigeuza, akapiga muhuri wake. Na chai akalipa."

Nilipanda juu ya benchi, nikaishusha, nikaigeuza. Nyuma ya diploma yangu ya ualimu, katikati kabisa, kulikuwa na muhuri wa zambarau wenye jina la mamlaka ya Kenya, tarehe, sahihi, na maneno kwamba bidhaa hii imekaguliwa na inafaa kwa matumizi ya binadamu.

Nitawaambia mapema kabisa yaliyotokea Ijumaa ile ili msihangaike. Karani yule yule aliipokea, akaigeuza, akausoma muhuri, akausoma tena, akaniuliza, "Mbona ulikuwa unaficha?" Nikathibitishwa. Miaka niliyofundisha baada ya hapo yote imesimama juu ya muhuri wa samaki, na wanafunzi wangu walifaulu kuliko wa wengi wenye mihuri ya maana.

Lakini Jumamosi ile nilikuwa bado juu ya benchi, na Mama Akeyo alikuwa akitazama ukuta mtupu.

"Sasa akija, nitamwonyesha nini?"

Nilikuwa nimekwisha kupata changu. Ningeweza kushuka na kwenda. Nilifungua mkoba. Ndani kulikuwa na kadi za Krismasi nilizotumiwa na wenye nyumba wangu wa Moravia, kubwa, za karatasi ngumu. Nikachagua moja: samaki mnene wa dhahabu ndani ya beseni, nyota juu yake, na chini herufi za dhahabu zinazowatakia wote sikukuu njema na afya. Nikampa.

"Hii inasema nini?"

Nikamtafsiria. Akacheka hadi akakaa. Kisha akafuta macho kwa leso, akaipigilia mahali pale pale, kwa vifuniko vile vile.

Chai yangu ilikuwa haijapoa alipoingia mtu mwenye koti jeupe na faili kwapani. Mama Akeyo alinikanyaga mguu chini ya meza. Yule bwana alisimama mbele ya ukuta, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaenda nayo taratibu hadi ya mwisho. Akamtazama yule samaki wa dhahabu muda mrefu zaidi.

"Mama, hiki ni kipya."

"Kile kiliisha muda, afisa. Hiki ndicho walichotuma."

"Naona." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Hawa wameweka mpaka na picha. Sisi hapa tungeiga."

Akaishusha, akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaupiga nyuma ya kadi. Mama Akeyo akamletea ngege wa kukaanga. Mimi nikamaliza chai yangu, nikailipa, nikaweka diploma kwenye mkoba na kutoka nje, sidaiwi na mtu yeyote kuanzia Migori hadi Rusinga.